Kaya 300 Tanga bila orodha ya majina

Dada uliyeuliza utachaguaje kaya 300 za kuhoji katika utafiti mkoani Tanga bila orodha: anza na vijiji na mitaa. Chukua idadi ya watu ya kila kimoja kutoka Sensa ya 2022, jumlisha mfululizo, gawa jumla kwa 30. Hiyo ndiyo hatua ya kuruka. Namba ya kuanzia, kati ya 1 na hatua hiyo, ipatikane kwa bahati nasibu; kisha ongeza hatua hiyo tena na tena, uone kila namba inaangukia kijiji au mtaa gani katika jumla yako. Kila kijiji kilichoangukiwa kitoe kaya 10, kiwe kikubwa au kidogo.

Ukifika, tafadhali usizungushe kalamu ukafuata inakoelekea. Njia hiyo hupendelea nyumba za katikati, karibu na duka na barabara. Kule Lushoto walio mabondeni hawafikiwi kabisa. Kaa na mwenyekiti wa kitongoji mwandike kaya zote, uzikague kwa miguu, kisha uchague kwa namba za bahati nasibu. Asichague yeye, hata awe mwema vipi, maana atakupeleka kwa anaowafahamu.

Ukikuta mlango umefungwa usihamie kwa jirani. Rudi hadi mara tatu, saa tofauti: mvuvi wa Moa au Kipumbwi aliyekesha baharini hupatikana alasiri, si asubuhi. Ukibadilisha ovyo utabaki na sampuli ya washinda nyumbani.

Halafu watu wa kijiji kimoja hufanana. Kiwango cha mfanano (0 ni kutofanana kuliko wengine, 1 ni kufanana kabisa) kikiwa 0.1, kaya zako 300 zina uzito wa kama 158 tu zilizochaguliwa mojamoja mkoa mzima. Fedha ikiruhusu, ni heri vijiji 50 vya kaya sita sita.