Hita ya mafuta inagonga, fundi anataka kuitoboa "ipumue"

SWALI: Nina radieta ya umeme, zile za mafuta. Nikiiwasha inalia tik tik, halafu kuna guruguru ndani. Fundi kaitikisa kasema mafuta yamepungua, anataka afungue ajaze mpaka juu halafu atoboe katundu kadogo presha iwe inatoka. Nimkubalie?

JIBU: Hapana, na huyo fundi asiiguse tena. Tik tik ni bati linatanuka likipata moto, guruguru ni mafuta yanazunguka na kusukuma hewa, hayo yasikusumbue.

Kinachoniudhi ni hii habari ya "mafuta yamepungua", naisikia kila siku. Jamani hayajapungua! Kiwandani waliacha nafasi ya hewa makusudi, maana mafuta yakipata moto yanatanuka. Chukua lita 3, zipashe kutoka nyuzi 20 mpaka 90, zitaongezeka karibu mililita 150, sasa hizo ziende wapi kama umejaza mpaka mdomoni? Hewa inakubali kubanwa, mafuta hayakubali, kwa hiyo yakikosa nafasi yanasukuma bati mpaka pale kwenye maungio paachie. Yaani anayekujazia ndio anakutengenezea ile presha anayosema anaitoa.

Na hako katundu ndio balaa kabisa, mafuta ya moto yatatokea hapohapo na hewa yenye unyevu itaingia. Kuna wengine wanamwaga mafuta wanaweka maji eti ni rahisi, wakati maji yanachemka kwa nyuzi 100 na mvuke wake unataka nafasi zaidi ya mara 1,600, ila mafuta ya hita kwenye joto lake la kawaida hayafiki hata karibu na kuchemka. Ndio maana hita ya mafuta inaweza kufungwa kabisa bila valvu ya kutolea presha.

Kinacholinda presha isipande ni joto kudhibitiwa. Thamostati inakata umeme joto likifika, ikigoma kuna fyuzi ya joto nyuma yake, na hita nyingi zina swichi inayozima ikianguka, kwa sababu ikilala elementi, ile sehemu inayopasha mafuta, inaweza kubaki nje ya mafuta ikaungua. Sasa mafundi wa njia ya mkato wakikuta fyuzi imekatika wanaunga waya moja kwa moja, hita inawaka, mteja anafurahi analipa, kumbe kinga ya mwisho imeshatolewa na siku thamostati ikigandia hakuna tena cha kuizima. Wewe ukianika nguo juu yake ndio unazidisha, joto linakosa pa kutokea.

Yako kama haivuji, endelea kuitumia. Ukiona mafuta yanatoka kwenye maungio, chomoa kwenye umeme na usiiwashe tena, na mtu asikudanganye atalichomelea, ndani kuna mafuta na mvuke wake, moto wa kuchomelea ukiingia humo linaweza kumlipukia usoni.