Nimepuliza dawa mara tatu, viroboto hawaishi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mbwa wawili wa ulinzi wanaolala uani na paka mmoja anayelala ndani. Tangu Februari viroboto wanatuuma miguuni. Nimepuliza dawa ya wadudu nyumba nzima mara tatu; wanapotea siku kumi hivi, kisha wanarudi. Pasaka tulisafiri wiki mbili, nyumba tukaifunga, mbwa na paka wakakaa kwa shemeji. Nikajua watakufa njaa. Tulipofungua mlango wakatupanda hadi magotini! Juzi kijana wangu akampaka paka dawa iliyobaki ya mbwa, paka akaanza kutetemeka na kutokwa mate. Tukamwogesha, sasa anakula. Nifanyeje? (Mama wa watoto watatu, Tanga)

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na paka, kwa sababu hapo mmenusurika. Dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina permethrini. Mbwa anaivumilia, lakini ini la paka haliwezi kuivunjavunja haraka, hivyo inabaki mwilini na kushambulia mishipa ya fahamu. Anatetemeka, anatokwa mate, anashikwa na degedege, na wengine hufa. Mlifanya vyema kumwogesha. Siku nyingine tumieni maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha mkimbizeni kwa daktari saa hiyohiyo, kwa kuwa mtetemeko unaweza kuzidi baada ya saa kadhaa. Kama kibandiko cha chupa hakisemi wazi kwamba ni ya paka, isimguse paka, hata tone moja. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe isimguse paka wala mbwa; watu wanaipima kwa kifuniko cha soda halafu wananiletea mbwa anayepumua kwa shida.

Sasa hao waliowapokea mlangoni. Kiroboto jike akishakunywa damu huanza kutaga ndani ya siku moja au mbili, na anaweza kufikisha mayai 40 kwa siku. Mayai hayanati kwenye manyoya. Yanadondoka popote paka anapojilaza au kujikuna: kwenye kochi, chini ya kitanda, kwenye mkeka. Yanatoa mabuu yanayokimbia mwanga na kula vumbi lenye kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. Buu likishiba linajisokotea kifuko na kuwa pupa, na kifuko hicho kinanata hadi kinavaa mchanga na vumbi; unaweza kukitazama usikijue. Dawa ya kupuliza haipenyi humo.

Ndani ya kifuko kiroboto aliyekwisha komaa anaweza kungoja miezi. Anayemwamsha ni joto la mwili, pumzi na mtikisiko wa hatua. Kwa hiyo safari yenu haikuwaua njaa. Iliwapa nafasi ya kukomaa pamoja, mkaingia na masanduku, wakatoka wote kwa mpigo. Wale mnaowaona wakiruka ni sehemu ndogo tu, kama 5 katika 100. Waliobaki ni mayai, mabuu na pupa. Wewe mara tatu umewapiga wale 5. Tena Tanga, kwa joto na unyevu wa masika, mzunguko mzima unaweza kukamilika kwa wiki tatu hivi.

Kwa hiyo silaha kubwa ni mnyama mwenyewe. Paka na mbwa wote wawili watibiwe siku moja, kila mmoja kwa dawa ya aina yake na uzito wake, na msikatize kwa miezi mitatu angalau. Kiroboto akitoka kwenye pupa lazima atafute damu. Akimpanda mnyama mwenye dawa, anakufa kabla ya kutaga. Kwa paka napenda matone ya nyuma ya shingo, mahali asipoweza kulamba, yenye selamektini au fipronili. Kwa mbwa kuna vidonge vya mwezi mmoja, na vingine vya wiki 12. Ni ghali, lakini kwa mbwa wa uani wanaozoa kupe pia, vinajilipa. Mbwa mwenye kifafa mwambie daktari kwanza. Sindano ya ivermektini ambayo wengi huomba haifai kitu kwa viroboto. Vitunguu saumu msiwalishe, ni sumu kwao.

Ndani ya nyumba, katikati ya sakafu ya saruji penye jua hapana kitu, msihangaike napo. Sogezeni makochi, inueni magodoro, fagieni nyufa na kingo za ukuta kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, na takataka zitoke nje zikachomwe. Matandiko ya paka yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Mikeka na zulia vianikwe juani upande wa chini ukitazama juu. Mabuu hayastahimili jua kali. Mkipuliza tena, ulizeni kwenye duka la dawa za mifugo iliyo na piriproksifeni, inayozuia mayai na mabuu yasikomae, na pulizeni gizani: chini ya makochi, uvunguni, kwenye banda la mbwa na ule mchanga wa kivulini wanapochimba ili wajipoze. Paka, watoto na vyakula vikae nje hadi pakauke kabisa.

Kupima kama mnashinda, vaa soksi nyeupe ndefu, tembea chumba hadi chumba, hesabu wanaokurukia. Fanya hivyo kila Jumapili. Wiki mbili tatu za mwanzo mtaendelea kuwaona, pengine hata wengi zaidi, kwa kuwa kufagia kunawaamsha. Msibadilishe dawa kwa hasira.

Mwisho, chungulia chini ya mkia wa paka. Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele, ni tegu. Paka humpata kwa kumeza kiroboto wakati anajilamba, na mtoto anayetambaa naye anaweza kumpata hivyohivyo. Paka atahitaji dawa yenye prazikwanteli, na hiyo aipate pamoja na ya viroboto. Akipewa ya minyoo peke yake, mwezi ujao utaona punje zilezile.