Mtumba wa sikukuu: maswali yenu, na mwaka huu pimeni kwanza jamani

Maswali yamemiminika tangu Novemba ianze na mengi yanafanana, kwaiyo nimechagua haya. Yale ya "anti nguo nzuri zinapatikana wapi" bila kusema za nani, saizi gani na mfukoni kuna shilingi ngapi sijayagusa, hata muuzaji mwenyewe ukimfata hivo atakuonesha chochote anachotaka kiondoke.

"Anti habari, nina watoto watatu, wa kiume miaka 9 na wa kike wawili 6 na 3. Nimetenga elfu 50 tu ya nguo za Krismasi. Itatosha au nisubiri mshahara wa Desemba?" (Mama wa Mbagala)

Itatosha na usisubiri. Ukisubiri mshahara utakutana sokoni Karume na kila aliyesubiri mshahara, gauni ulilolikuta kwa 3,000 linaitwa 7,000 na mchuuzi hana hata muda wa kukuangalia usoni maana nyuma yako kuna watu sita. Nenda wiki hii, katikati ya wiki, asubuhi.

Hesabu yako kaa nayo hivi: nauli 2,000, sabuni 2,000, fundi 6,000, watoto 10,000 kila mmoja. Hapo ni elfu 40, inabaki 10,000 ya kiatu cha yule ambaye kweli hana kiatu, sio wote watatu. Na hiyo ya fundi usiiguse kwa kitu kingine chochote, nasema hivi kila mwaka na kila mwaka mtu ananiambia gauni lilikuwa la 3,000 tu lakini limelala kabatini mpaka leo kwa sababu zipu imekufa na hela ya zipu hakuitenga. Gauni la 3,000 ambalo halijavaliwa umelipoteza lote. Nguo ya mtumba bei yake ni ile uliyolipa pale chini ukajumlisha nauli, sabuni na fundi, ukishajua hivo utaanza kuacha vitu vingi ambavyo ulikuwa unaviona rahisi.

Watoto waache nyumbani ila vipimo vyao uende navyo. Kuna mama anauza viatu alinifundisha kitu ambacho sijakiacha tena. Chukua njiti ya ufagio wa chelewa, msimamishe mtoto, asikae, mguu unatanuka mtu akisimama, ukate njiti kuanzia kisigino hadi ncha ya kidole kirefu ukiongeza upana wa kidole gumba chako. Kila mtoto njiti yake, ifunge uzi wa rangi yake. Sokoni unaitumbukiza ndani ya kiatu, ikipinda kiatu ni kidogo, basi, namba iliyoandikwa chini achana nayo maana Wazungu wenyewe namba zao hazifanani, ya Uingereza nyingine, ya Marekani nyingine, ya Ulaya nyingine. Kwa gauni tumia kamba moja yenye mafundo, bega hadi goti, kifua, kiuno.

Na huyo wa miaka 9 mtafutie shati jeupe zito lenye kola iliyosimama. Krismasi analivaa, Januari anaingia nalo shule. Kuna wazazi wanamnunulia mtoto suti ndogo ya kuvaa siku moja alafu shule zinafunguliwa mtoto anakwenda na shati la mwaka juzi limembana kwapani, inaniuma sana hii.

"Bei za nguo Karume ni shilingi ngapi?"

Inategemea nguo, siku na saa. Asubuhi belo (lile furushi kubwa la mitumba) linapokatwa utalipa zaidi na utachagua, jioni utalipa kidogo na utakuta wenzio wameshachagua. Nimelijibu mara nyingi mno hili, naomba msiniulize tena.

"Mwaka jana nilinunua raba kali ya mtumba elfu 15, haina hata mchubuko. Nimeivaa kanisani siku moja tu soli ikameguka vipande kama mkate mkavu, nikarudi nyumbani peku. Yule kaka aliniibia?" (Msomaji wa Tabata)

Pole sana. Inawezekana hata yeye hakujua. Zile soli nyepesi laini zinazobonyea kama sponji nyingi zinatengenezwa kwa polyurethane, aina ya plastiki, na hiyo kitu unyevu wa hewani unaila taratibu hata kiatu kikiwa kimekaa tu kabatini bila kuvaliwa. Kwaiyo kiatu ambacho hakina mchubuko ndio cha kuogopa zaidi, huenda kimekaa ndani miaka kabla hakijafika kwako. Kabla hujalipa bonyeza soli kwa ukucha wa gumba pale ubavuni, ikiacha shimo lisilorudi au ikitoa ungaunga, weka chini. Alafu kikunje kiatu katikati, sikiliza, kikilia kama karatasi au ukaona nyufa nyembamba, weka chini. Soli ya mpira mgumu au ya kushonwa ndio nunua kwa moyo mweupe, hiyo hata gundi ikiachia fundi viatu anaipiga uzi maisha yanaendelea.

"Nimepata taa za Krismasi za mtumba, waya mrefu mzuri, kichwa chake kina pini mbili bapa. Nimeambiwa ni za Marekani ndio maana ziko imara. Ninunue adapta gani?"

Usinunue adapta yoyote kabla hujasoma maandishi. Umeme wetu ni volti 230, wa Marekani ni 120. Adapta ya kawaida inabadilisha pini tu haipunguzi umeme, kwaiyo ukichomeka hizo taa ukutani zitawaka kali sekunde chache alafu zinaungua, na zikiungulia juu ya mti wa plastiki karibu na pazia huna nyumba. Tafuta karibu na kichwa cha waya au kwenye kile kiboksi chake. Kikiandika 120V peke yake rudisha. Kikiandika 100-240V hizo chukua, zinakubali kote.

Na kuna wauzaji wanakata kichwa cha zamani wanaweka cha pini tatu ili zionekane ni za Uingereza, kwaiyo kichwa kisikudanganye, soma lebo, na ukikuta lebo imekatwa ondoka. Zikiwa sahihi mwambie azichomeke palepale mbele yako, pitisha waya wote mkononi (kabla hajachomeka!) kutafuta palipochunika. Usiku mkienda kulala zimeni. Nyumbani kwetu tulizima kila siku na hakuna aliyelalamika.

"Dada, naweza kupata wapi sidiria za mtumba gredi wani kwa ajili ya sikukuu?"

Usinunue. Nguo za ndani za mtumba TBS (Shirika la Viwango) imeshazipiga marufuku siku nyingi, na mpira wa sidiria iliyovaliwa umeshalegea, haitakushika.

"Tuko marafiki wanne tunataka tuchange tununue belo la magauni tugawane, tunavaa na yanayobaki tunauza tunarudisha hela. Unatushauri nini?" (Wadada wa Kimara)

Nawashauri msifanye hivyo kwa ajili ya kuvaa. Belo la kilo 45 limefungwa na plastiki na mikanda, unachokijua wewe ni maandishi ya nje tu na maneno ya anayekuuzia. Mimi na dada zangu tulishachanga, tukanunua lililoandikwa magauni ya watoto, tukalikatia sebuleni kwa mama tukiwa na furaha kweli, juu magauni mazuri kabisa kama thelathini hivi, tepe za satini, vifungo vyote vipo. Chini yake ikaanza kutoka nguo ya mtoto ya baridi, nzito, ina kofia na soksi zimeshonwa humohumo mguuni, ikatoka nyingine, na nyingine, zinaendelea mpaka chini. Dar Desemba nani amvalishe mtoto hiyo? Aliyetuuzia alisema belo likishakatwa halirudi, na kweli ndio utaratibu wao. Tulikuja kuziuza kidogokidogo kwa mtu wa Njombe kwenye baridi, tulirudisha nusu ya hela baada ya miezi minne.

Wanaofanya biashara hii kila wiki wanajua alama za wafungaji, wanajua nani anaweka nini, na wakipigwa na belo moja wanafidia na lingine. Nyie mna belo moja na sikukuu moja. Hiyo hela mliyotaka kuchanga nendeni wanne alfajiri mahali wanapokatia, chagueni kipande kimoja kimoja, mtalipa zaidi kwa kila kipande lakini kila mtakachorudi nacho mmekishika na kukiona.

Na mkikiona mkione juani! Nyanyueni gauni juu mlitazame mwanga ukipita, matundu ya nondo na mistari ya kufifia haifichiki hapo. Kagueni kwapani, pindo na shingoni. Gauni la shanga pindueni ndani muone uzi, shanga moja ikiachia uzi mmoja zinamwagika zote.

"Kuna ukurasa Instagram unauza gauni za mtumba wanaita za dukani, bei njoo inboksi, nimetajiwa elfu 45. Ni bei halali?"

Mtu anayeogopa kuandika bei hadharani anakuangalia wewe kwanza ndio anataja. Muombe picha ya lebo, ya kwapa, ya zipu, na vipimo vya kifua na kiuno kwa sentimita. Akikujibu "inakutosha tu mpenzi" usitume hela. Wapo dada zetu wanaouza mtandaoni kwa uaminifu, wanafua, wanapiga pasi, wanapima, wanaandika kasoro, hao wakiongeza chao ni haki yao kabisa.

"Naomba msaada, nguo za mtumba zina ile harufu haitoki hata nikifua mara mbili. Nataka nivae Idd na sitaki watu wajue ni mtumba." (Dada wa Unguja)

Loweka usiku mzima kwenye maji yenye kikombe cha siki, asubuhi fua kwa sabuni ya kawaida, anika juani upepo upite, geuza ndani nje. Hariri na sufu usilowekee muda mrefu wala usitumie maji ya moto, sufu inajikunja unabaki na nguo ya mdoli. Kama hujui kitambaa ni nini chomoa uzi kwenye pindo uuchome: pamba inanuka karatasi, sufu inanuka nywele, poliesta inayeyuka inaganda kitone kigumu. Hiyo ya kitone usiipige pasi kali.

Pasi yenyewe pande zote mbili, hasa mishono, kwa nguo yoyote iliyoanikwa nje, kuna nzi anataga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake anaingia kwenye ngozi. Na wanaoweka vidonge vya naftalini kabatini kutoa harufu, nguo za kichanga zisikae humo. Kuna watoto wenye upungufu wa kimeng'enya fulani kwenye damu ambao naftalini inawavunjia chembe za damu, na wewe hujui kama wako ni mmojawapo.

Hilo la watu wasijue, mwenzangu, wazee walikuwa wanaziita kafa Ulaya na wakazivaa, na nguo iliyokukaa vizuri mwilini kwa sababu fundi ameibana kiunoni hakuna anayekuuliza ilikotoka. Idd inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwaiyo usiseme imekushtukiza, kumi la mwisho la Ramadhani fundi hapokei kazi mpya.

"Kwani hii mitumba si ndio imeua viwanda vyetu? Unaona sawa kuitangaza?"

Swali zuri na sijalikwepa hata siku moja. Mitumba imechangia, ila viwanda vilikuwa na matatizo ya umeme, mitambo chakavu na usimamizi pia. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa taratibu hadi 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, Marekani ikaisimamishia nguo zake nafuu ya AGOA (ule mpango wa kuuza Marekani bila ushuru) mwaka 2018, wengine tukarudi nyuma. Mimi mama wa Mbagala mwenye elfu 50 siwezi kumwambia asubiri mpaka hilo liishe. Ninachofanya, na naomba mfanye, kila sikukuu kitu kimoja nanunua kilichotengenezwa hapa, kitenge, kikapu, mkeka, na kazi yote ya kurekebisha nampa fundi wa mtaani, simpunji.

"Nataka kupamba sebule bila kutumia zaidi ya elfu 20. Mti wa plastiki mpya ni ghali, nimeona vijana wanauza matawi ya mvinje."

Mvinje waachie, ile inakatwa ufukweni na ndiyo inayoshika mchanga bahari isitule. Nenda kwenye mapazia ya mtumba. Pazia zito la Ulaya lina kitambaa kingi kuliko unavyodhani, na watu wengi wanalipita kwa sababu refu haliingii dirisha letu. Mwaka juzi nilipata jozi nyekundu ya mahameli kwa 8,000, upande mmoja umefifia na jua mstari mzima pembeni. Fundi alikata ule mstari, upande mmoja ukatoa kitambaa cha meza ya watu sita, wa pili ukatoa foronya nne za mito ya kochi, akachukua 7,000. Zimebaki 5,000 za riboni na mipira ya mtumba, ile ya plastiki, sio ya kioo kama una mtoto anayetambaa. Hiyo mipira na vitambaa vya Krismasi mimi huwa navikuta zaidi katikati ya mwaka hakuna anayevigusa, kwaiyo mwakani pita Juni.

Ua la mezani chukua tawi la mkrismasi, saivi imechanua nyekundu kila mtaa, muombe mwenye nyumba kwanza. Weka majini jioni hiyohiyo utakayokula, maana asubuhi petali zote ziko chini.