Vituo vya chanjo viwekwe wapi?

SWALI: Mhariri, kwetu vituo vya chanjo hufunguliwa palipo na jengo tupu. Je, hisabati inaweza kuchagua vizuri zaidi?

JIBU: Inaweza. Mwaka 1974 watafiti Richard Church na Charles ReVelle waliliweka swali hilo hivi: ikiwa uwezo uliopo ni wa vituo vichache tu, viwekwe wapi ili watu wengi iwezekanavyo wawe ndani ya umbali uliopangwa, tuseme kilomita 5? Njia nyepesi ni kuanza na kituo kinachowafikia watu wengi kuliko vyote, kisha kuongeza kile kinachowafikia wengi kati ya waliobaki, na kuendelea hivyo. Imethibitishwa kwamba watakaofikiwa hawatapungua asilimia 63 ya wale ambao mpango bora kabisa ungewafikia.

Kinachoharibu hesabu, mara nyingi, ni umbali wenyewe. Ukipimwa kwa mstari ulionyooka ramanini, kijiji kilicho ng'ambo ya mto usio na daraja kitahesabiwa kuwa kimefikiwa, ilhali mama mwenye mtoto mgongoni atazunguka nusu siku. Mimi ningepima kwa saa za kutembea, tena za masika, na ningeweka sharti kwamba hata kitongoji chenye kaya chache kisiachwe mbali kupita kiasi, kwa kuwa hesabu inayotafuta wingi pekee hukiruka bila kusita.