Je, dalili za mdogo wangu ni za lupasi?

SWALI: Daktari, mdogo wangu wa kike ana umri wa miaka 24. Tangu mwaka jana anachoka kupita kiasi, vidole vyake hukakamaa kila asubuhi, nywele zinanyonyoka, na akikaa juani hutokwa na upele usoni. Kila dalili imetibiwa peke yake, ikapoa, kisha ikarudi. Tumeambiwa huenda ni lupasi. Tutaitambuaje?

JIBU: Poleni sana. Hakuna hata moja kati ya dalili hizo inayothibitisha lupasi ikiwa peke yake, lakini zikikusanywa zinatosha kabisa kumfanya daktari aufikirie ugonjwa huo, ambao hutokea kinga ya mwili inapoushambulia mwili wenyewe. Hauambukizi, na takribani wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake.

Mtazame usoni kwa makini. Upele wa lupasi hutanda mashavuni na kupita juu ya pua, ila kwa kawaida hauingii kwenye mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Huelezwa kuwa mwekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi huweza kuwa wa zambarau au kahawia iliyokoza, na kwa sababu hiyo hupuuzwa. Mmulike kaakaa kwa tochi pia, kwani vidonda vya huko mara nyingi haviumi, na huenda mwenyewe hajui kwamba anavyo. Muulize kuhusu homa zisizo na chanzo na maumivu ya kifua anapovuta pumzi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni figo, maana huweza kuharibika bila maumivu yoyote. Mkojo wenye povu jingi na kuvimba kwa miguu au kope huweza kuchelewa kujitokeza, ilhali kipimo cha mkojo, ambacho ni rahisi, huonyesha protini na damu mapema. Tafadhali msiondoke hospitalini kabla hajafanyiwa. Kipimo cha damu kiitwacho ANA, kinachotafuta kingamwili zinazolenga seli za mwili wenyewe, huwa chanya kwa karibu kila mwenye lupasi, lakini huwa chanya hata kwa baadhi ya watu wenye afya njema, kwa hiyo majibu yake husomwa pamoja na dalili.

Andikeni dalili zote na tarehe zake, na upigeni picha upele ungalipo, kwa kuwa siku ya miadi unaweza kuwa umefifia. Ombeni rufaa ya kumwona daktari bingwa wa baridi yabisi, ambaye ndiye hushughulikia pia lupasi. Akipata degedege, akichanganyikiwa au akishindwa kupumua vizuri, msingoje miadi; mpelekeni hospitali mara moja.