Maswali ya Wasomaji: Je, Tuuze Ng'ombe Tuhamie Kilifi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu. Pamoja na mume wangu tunalima viazi na kufuga ng'ombe 3 wa Friesian hapa Nyandarua. Baridi ya huku imeanza kumsumbua kwa maumivu ya viungo, nasi tunafikiria kuhamia Kaunti ya Kilifi, tukaishi kwa shamba letu wenyewe: chakula, maziwa, mayai na ziada kidogo ya kuuza. Tumeonyeshwa ekari 5 karibu na Bamba na ekari 2 upande wa Gede, kwa bei zinazokaribiana. Je, joto la huko litaturuhusu kulima na kufuga? Na tuchukue shamba lipi?

JIBU: Mwalimu, niruhusu nianze na maji kabla ya joto, kwa sababu maji ndiyo yanayotenganisha mashamba hayo mawili. Pwani hupata masika kuanzia Aprili hadi Juni na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, lakini mvua hiyo hupungua upesi mtu anapouacha ufuo na kuelekea bara. Msitu wa Arabuko-Sokoke, unaopakana na Gede, una ukubwa wa takribani kilomita 420 za mraba tu, na hata hivyo upande wake wa mashariki hupata kama milimita 1,000 za mvua kwa mwaka ilhali upande wa kaskazini-magharibi hupata kama 600. Bamba iko mbali zaidi na bahari, katika kaunti ndogo ya Ganze. Kilifi yenyewe imo katika orodha ya kaunti 23 kame na nusu kame za Kenya, na mvua ziliposhindwa msimu baada ya msimu kati ya mwaka 2020 na 2022, Ganze ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Wenyeji wa Bamba wanaishi huko kwa mbuzi, kwa ng'ombe wa kienyeji na kwa jamaa wa kukimbilia mwaka unapokuwa mbaya. Ninyi mtafika bila jamaa, na umri umesonga. Kwa hiyo ningewashauri mchukue ekari 2 za Gede, ikiwa karatasi zake ni safi.

Hata Gede, msihesabu maji ya mfereji peke yake. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ya paa huleta lita 1 ya maji, hivyo nyumba ya bati ya mita 10 kwa 10, mahali penye milimita 1,000, hupokea lita 100,000 kwa mwaka. Tukitoa sehemu ya tano kwa upotevu, hubaki 80,000. Tatizo ni kwamba maji hayo huja kwa mafungu. Nyumba inayotumia lita 200 kwa siku inahitaji lita 18,000 ili kuvuka Januari, Februari na Machi, kabla hata ya kunywesha mfugo mmoja. Jengeni tangi kwanza, sebule ingoje. Paa la makuti hupoza nyumba vizuri mno, lakini maji yake si ya kukinga kwa ajili ya kunywa. Kama shamba lina kisima, yapimeni maji yake mwezi wa Machi, wakati kina kimeshuka, kwa kuwa kisima kitamu cha mwezi wa Juni chaweza kugeuka cha chumvi katika kiangazi.

Sasa joto. Ng'ombe wa Friesian huanza kutaabika hewa inapopita nyuzi 25 za Selsiasi, na mwezi wa Machi pwani usiku wenyewe hukaribia kiwango hicho. Atapunguza kula, maziwa yatapungua, na kupe watamletea ndigana kali. Wauzeni hao watatu huko Nyandarua, ambako wana thamani yao. Mkishazoea, tafuteni mbuzi wa maziwa, au ng'ombe mmoja chotara wa Jersey au Sahiwal aliyezaliwa pwani. Viazi navyo viacheni, kwani usiku wenye joto huzuia mmea kutia viazi ardhini. Muhogo utachukua nafasi hiyo kwa heshima zote: hukomaa baada ya miezi 8 hadi 12, na hungoja ardhini mpaka siku utakapouhitaji. Mbegu za mahindi za huko kwenu, ambazo hukaa shambani miezi 8 au zaidi, hazifai. Kuna Pwani Hybrid 4, iliyotoka kituo cha utafiti cha Mtwapa, ambayo ni ya miezi mitatu na kitu. Ongezeni kunde na pojo. Mavuno yakaushwe kikamilifu na kufungwa katika mifuko isiyopitisha hewa, kwa maana katika unyevu wa pwani sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na dumuzi wanaotoboa nafaka hawasubiri.

Mnazi ni mti wa subira. Ule mrefu wa kienyeji huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8, na mfupi baada ya 3 au 4, kwa hiyo pandeni yote miwili. Mkiona chungu wekundu wanaoshona majani, waitwao maji moto, msiwapulizie dawa hata wakiwauma, kwani huwafukuza wadudu wanaofyonza vidaka, yaani nazi changa, na kuviangusha.

Kuhusu karatasi, nawasihi msiharakishe. Ukanda wa pwani wa maili 10 kutoka baharini ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1963, na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwaacha Wamijikenda wengi wakiishi juu ya ardhi iliyoandikwa kwa jina la mtu mwingine. Ndiyo maana mtu aweza kuwauzia shamba alilozaliwa, kwa nia njema kabisa, na lisiwe lake kisheria. Pateni rekodi rasmi ya shamba hilo kutoka ofisi ya usajili wa ardhi, mleteni mpima aliyesajiliwa aonyeshe mipaka, na muwaulize majirani nani alizikwa pale. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, ombi la idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mapatano, la sivyo mauzo hubatilika.

Malaria ipo, na miili iliyoishi kwenye baridi ya Nyandarua haina kinga ya kutegemea. Laleni ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, kodini chumba Gede kuanzia Januari hadi Machi, mkae katika joto lenyewe na mnunue maji kama majirani wanavyonunua. Viungo vya mzee vikiridhika na ninyi wawili mkaridhika, chimbeni mashimo ya minazi mwaka unaofuata, mwezi wa Machi, ili masika yakianza Aprili yaikute miche tayari ardhini.