Kuwasha kompyuta zisizo na diski bila kutegemea NFS

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Maabara yetu ina kompyuta 20 zenye RAM ya GB 4 kila moja, ambazo diski zake zimekufa, pamoja na seva moja ya Debian (aina ya Linux). Nimeziwasha kwa NFS, yaani njia ya kusoma faili za seva moja kwa moja kupitia mtandao, lakini seva ikiyumba zote huganda. Je, ipo njia nyingine?

JIBU: Ipo, Mwalimu, na kwa RAM hiyo ningeichagua hata kama NFS isingekusumbua. Kompyuta zako huganda kwa sababu mfumo wake mzima unakaa kwenye seva, na kila programu inayofunguliwa sharti isomwe kutoka huko. Dawa yake ni kuupakia mfumo wote kwenye RAM mara moja, wakati wa kuwaka, ili baada ya hapo seva isihitajike.

Kadi ya mtandao ikiwekwa kuwaka kwa PXE, yaani kuanzisha kompyuta kupitia mtandao, huomba anwani kwa DHCP (huduma ya kugawa anwani), kisha huchukua faili dogo la kuanzishia kwa TFTP (njia sahili ya kutuma faili). Programu ya seva iitwayo dnsmasq peke yake inatosha kutoa huduma zote mbili. Faili hilo liwe iPXE, programu ndogo ya kuanzishia kompyuta kwa mtandao, kwa maana TFTP kwa kawaida hutuma vipande vya baiti 512 na kusubiri kila kimoja kithibitishwe, ilhali iPXE huweza kuchukua kerneli (kiini cha Linux) na initramfs (mfumo mdogo wa muda wa kuanzia) kwa HTTP, tena kwa kasi kubwa zaidi.

Mfumo wenyewe uuandae ndani ya saraka ya seva kwa debootstrap (zana ya kusakinisha Debian ndani ya saraka), uweke humo kerneli, programu za wanafunzi na kifurushi cha live-boot, kinachopakua mfumo na kuuanzisha, kisha uubane kwa mksquashfs uwe faili moja la squashfs. Kwenye mstari wa maagizo ya kerneli, ndani ya mipangilio ya iPXE, andika boot=live fetch=http://192.168.1.10/maabara.squashfs, na utumie namba za anwani, si jina la seva, kwa sababu live-boot haitafuti majina katika hatua hiyo. Chochote mwanafunzi atakachobadilisha kitaandikwa kwenye RAM kupitia overlayfs (tabaka la kuandikia juu ya mfumo usiobadilika) na kutoweka kompyuta ikizimwa, jambo ambalo kwa maabara ni neema kubwa. Kazi zake zipelekwe kwenye seva kwa rsync (zana ya kunakili faili) kupitia SSH (muunganisho salama) kabla hajaondoka.

Kabla ya yote, pima mtandao wako. Faili la squashfs la MB 600 kwa kompyuta 20 ni GB 12: swichi ya gigabiti moja itazimaliza kwa takriban dakika 2, lakini ya megabiti 100 itachukua zaidi ya robo saa, na umeme ukikatika ukarudi, zote zitaomba kwa pamoja. Kwa swichi ya aina hiyo, ziwashe kwa mafungu.

Usiweke nywila wala ufunguo wa siri ndani ya faili hilo, maana yeyote aliye kwenye mtandao anaweza kulipakua. Futa pia yaliyomo katika /etc/machine-id, ili kila kompyuta ijitengenezee utambulisho wake.

Kwa kompyuta zenye RAM ya GB 1, tumia NBD, njia ya kuazimisha diski kupitia mtandao: seva hutoa faili lile lile la squashfs kama diski ya kusomwa tu, na kompyuta huchota vipande inavyovihitaji, ingawa hapo utegemezi kwa seva unarudi. Usithubutu kutoa kwa njia hiyo diski moja ya ext4 (mpangilio wa kawaida wa faili kwenye Linux) iandikwe na kompyuta mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu itaharibika.